GOME SI NGUO YA MTI TU



Je, umewahi kuona mti uliochunwa gome pande zote? Umesimama. Majani yake ni mabichi. Ndege wanatua juu yake. Watu hupita wakasema, "Mti huu hauna neno." Lakini mti huo umekwisha kupata kifo chake. Bado kukauka tu.

Jambo hili limetokea katika uwanja wa zahanati ninayofanya kazi. Palikuwa na mwarobaini mkubwa. Siku za kliniki tulitundika mizani kwenye tawi lake, tukapima watoto. Akina mama walikaa kivulini wakingoja zamu. Baadaye watu wakaanza kuchuna gome lake usiku, wakalichemshe kwa ajili ya homa.

Kwanza tuuelewe mti wenyewe. Mti una mizizi, shina, matawi na majani. Kila sehemu ina kazi yake, kama watu wa nyumba moja.

Mizizi huushika mti usianguke. Tena mizizi hunywa maji. Inayokunywa sana si ile minene unayoikwaa njiani. Ni ile midogo ya mwisho, yenye vinyweleo vyembamba. Maji hayo, pamoja na chumvichumvi za udongo, hupanda ndani ya shina, katika mbao, mpaka kwenye majani.

Majani ndiyo jiko la mti. Jani hupokea maji kutoka mizizini. Huvuta hewa kwa vitundu vidogo ambavyo macho hayavioni. Moto wa jiko hilo ni jua. Humo hupikwa chakula cha mti, nacho ni aina ya sukari. Maji mengine hutoka kwenye majani kama mvuke. Ukitaka kuona, chukua mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, kama ule wa mkate. Asubuhi uvishe kwenye kitawi chenye majani, kilicho juani, ufunge mdomo wake kwa kamba. Mchana utakuta matone ya maji ndani. Ndiyo maana kivuli cha mti hupoza kuliko kivuli cha bati.

Sasa tufike kwenye gome. Wengi hudhani gome ni nguo ya mti. Gome la nje, lile kavu, ni nguo kweli. Huukinga mti na jua na wadudu. Lakini chini yake kuna gome la ndani, bichi, lenye majimaji. Hilo ni njia ya chakula. Chakula kilichopikwa na majani hushuka kwa njia hiyo mpaka mizizini. Mizizi haina jiko lake, iko gizani. Hungoja kuletewa.

Ukichuna kipande kidogo upande mmoja, chakula hupita upande wa pili, na kidonda huweza kufunga pole pole. Ukichuna kuuzunguka mti, umekata njia yote. Maji yanaendelea kupanda, kwa sababu njia yake imo ndani ya mbao. Kwa hiyo majani hubaki mabichi kwa miezi. Kumbe huku chini mizizi inakufa njaa. Ikifa, maji nayo hayapandi tena. (Mbuyu huweza kuota gome jipya. Usiupime mwarobaini kwa mbuyu.)

Nina kosa langu katika habari hii. Nilikiona kidonda cha kwanza, nikamjua aliyechuna. Ni mzee wa kijiji. Nilimwamkia, nikamweleza kidogo. Akanijibu, "Mjukuu wangu, gome litaota." Mimi ni kijana, nikaona haya kuendelea. Nikanyamaza. Wengine nao wakaja na mapanga yao, vidonda vikakutana.

Mwezi uliofuata mama mmoja alileta mtoto wa miaka 2 mwenye degedege. Homa ilikuwa ya siku ya tatu. Siku zote hizo alinyweshwa maji ya gome lile. Tulipima damu, tukakuta malaria. Tulimpa dawa ya kwanza, akapelekwa hospitali ya wilaya kwa pikipiki. Alipona. Lakini kwa mtoto mdogo mwenye malaria, siku 3 ni nyingi mno. Wapo wasiofika.

Sidharau dawa za miti. Kwinini ilipatikana katika gome la mti wa Amerika ya Kusini. Dawa mseto tunayogawa leo ina dawa iliyotokana na mmea wa Kichina. Lakini dawa hizo zimepimwa, na kipimo cha kila umri kinajulikana. Gome lililochemshwa katika sufuria halina kipimo. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru watoto wadogo, wakatapika, wakalala usingizi mzito, wakashikwa na degedege. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mtoto akipata homa, mlete zahanati siku hiyo hiyo apimwe. Na gome liache kwa mti, maana mti unalihitaji kuliko wewe.

Mwarobaini wetu ulipukutisha majani kiangazi kilichofuata, haukuchipua tena. Tawi la mizani lilikauka, tukaogopa kutundika mtoto. Sasa tunapimia kwenye boriti ya mlangoni, na akina mama wanangoja juani na watoto mgongoni.

Tumepanda mche mwingine, umefika magotini. Mzee yule ndiye anayeumwagilia jioni, nasi hatuzungumzi habari za gome. Mwenye kutaka kupanda kwake atafute mbegu za mwarobaini mwingine, zilizoiva na kuanguka karibuni. Azimenye, azipande upesi. Zikikaa ndani kwa miezi, nyingi hazioti.