Nilitaka Kununua Gari la Kulala Ndani Nizungukie Minada. Hesabu Ikanizuia

Leo naomba niongee jambo ambalo nusura lile mtaji wangu wote, maana najua kuna mtu hapa ana wazo kama langu na ameshaanza kumpigia dalali simu.

Mimi nauza viatu vya mtumba mtandaoni, niko Arusha. Wateja wengi nawapata kupitia picha na status, mzigo nautuma kwa basi. Lakini viatu vinavyobaki, yaani saizi zisizotoka haraka, navipeleka minadani: Tengeru Jumatano au Jumamosi, wakati mwingine Karatu, Babati, hadi upande wa Moshi na Himo. Ukienda mbali unalala gesti, mzigo unaulalia macho, asubuhi unarudi hoi na wateja wa mtandaoni wamekutumia meseji arobaini hujajibu hata moja. Ule uchovu ndio ulionipeleka nilikokwenda.

Mwezi uliopita dalali mmoja akanitumia picha. VW Kombi la mwaka 1998, lile umbo la boksi, lina namba za Afrika Kusini. Ndani lina kitanda cha kukunjua, jiko la gesi la plate mbili, sinki dogo, kabati na paa linaloinuka juu ukisimamisha gari. Wageni waliokuwa wanazunguka nalo Afrika wameamua kurudi kwao kwa ndege. Bei milioni 9, "na maongezi yapo dada yangu".

Jamani, sikulala. Nikajiona nimepaki pembeni ya mnada, mlango wa pembeni umefunguliwa, viatu vimepangwa kwenye kabati, napika chai humo humo, usiku nalala na mzigo wangu. Sitalipa gesti wala sitagombana na kondakta kuhusu buti ya basi. Nilikuwa na milioni 6 za mtaji, nikapanga kukopa milioni 3 kwenye kikoba.

Kabla ya kutoa hela nikafanya mambo matatu. Naomba nikueleze moja moja, halafu nikupe maoni yangu.

La kwanza: niliuliza habari ya ushuru

Gari la mgeni huingia nchini kwa kibali cha muda. Halijalipiwa ushuru, na sharti lake ni kwamba litatoka. Mgeni hawezi tu kukuuzia akakuachia funguo. Likibaki hapa lazima lilipiwe kodi kama gari lolote linaloingizwa: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT asilimia 18, na juu yake ile ya uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8. TRA hawapigi hesabu kwa bei mliyokubaliana wewe na dalali, wana thamani yao ya kila gari. Kwa hiyo ile milioni 9 haikuwa bei ya gari. Ilikuwa bei ya kuanzia matatizo.

Nilipomuuliza dalali akanijibu, "Hayo ya ushuru mtamalizana mbele ya safari." Ndugu yangu, ukisikia neno hilo kwenye biashara yoyote, jua safari yenyewe ni ya kwako peke yako. Gari likikamatwa, anayelala nalo ni wewe, siyo yeye.

Hata kama gari lina namba za hapa kwetu, usilipe kabla hujaona kadi halisi, jina la aliye kwenye kadi likafanana na kitambulisho cha anayekuuzia. Kisha angalia kwa namba ya gari madeni ya faini za barabarani na ya maegesho. Madeni hayo yanafuata namba ya gari, hayamfuati mtu aliyepaki. Na ukishanunua, badili umiliki mara moja. Gari lenye jina la mtu mwingine ni mali ya mtu mwingine unayoiwekea mafuta.

La pili: nilikwenda na fundi wangu

Nimesema wangu, siyo wa dalali. Nilimlipa 30,000 na nauli. Ni hela niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka huu.

Alichonifundisha ni hiki: gari la kulala ndani ni vitu viwili vilivyounganishwa. Kuna gari, na kuna nyumba. Vyote vinazeeka, na kila kimoja kinazeeka kivyake. Sisi wanunuzi tunaangalia nyumba kwa sababu ndiyo inayovutia, tunasahau gari. Fundi naye wa kawaida anaangalia gari, nyumba haijui. Kwa hiyo unahitaji macho ya aina mbili.

Upande wa gari. Aliliwasha asubuhi likiwa la baridi, kwa sababu gari lililopashwa moto kabla hujafika huficha mengi. Akalala chini na tochi akagonga chesisi kutafuta kutu iliyopakwa rangi juu. Akasoma tarehe ya matairi: kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne, kwa mfano 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Matairi ya gari hilo yalikuwa na kashata nzuri kabisa, lakini yalikuwa na zaidi ya miaka 10 na ubavuni yana nyufa. Mtu asiyejua angesema mapya.

Halafu akanieleza jambo la Kombi la aina ile. Injini iko nyuma, rejeta iko mbele, maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya gari. Mabomba yakiwa mazee, yakivuja au hewa ikiingia, injini inachemka. Na ile injini imekaa chini ya sehemu ya nyuma ya kitanda, pale pale nilipopanga kuweka mzigo. Yaani nikiharibikiwa njiani, kabla fundi hajagusa chochote nashusha viatu vyote barabarani.

Nikamuuliza spea. Akacheka. Akasema, "Dada, hii Hiace ikikufia Babati, kijana wa pale anaitengeneza akiwa anakula muhindi. Hili likikufia Babati, unaanza kupiga simu Afrika Kusini."

Upande wa nyumba tulikagua pamoja. Tulikanyaga sakafu kila kona: panapobonyea, mbao za chini zimeoza. Tukanusa makabati: harufu ya uvundo maana yake maji yanaingia. Tukamwaga ndoo mbili za maji kwenye paa, tukasubiri. Yakaanza kudondoka juu ya kitanda, kwenye turubai la lile paa linaloinuka. Viatu vya ngozi na unyevu vinajuana vipi, nyote mnajua. Mpira wa gesi ulikuwa umekakamaa, tukaupaka povu la sabuni, ukatoa mapovu. Hapo maana yake gesi inavuja mahali mtu analala.

Na hapa niseme kwa herufi kubwa hata kama hununui gari: USILALE NDANI YA GARI UMEWASHA JIKO LA MKAA, hata kama baridi ya Karatu inakuuma. Ile hewa yake haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini.

La tatu: nilipiga hesabu ya mwezi mzima

Hapa ndipo moto wangu ulipozimika kabisa. Nilichukua daftari langu la mauzo nikaandika safari za mbali ninazofanya kwa mwezi. Nilidhani ni kumi. Zilikuwa tano. Uchovu ulikuwa unaniambia kumi, daftari likasema tano.

Gharama zangu za sasa kwa mwezi:
- Nauli yangu na mzigo kwenda na kurudi, wastani 60,000 kwa safari, mara 5 = 300,000
- Gesti 20,000 kwa usiku, mara 5 = 100,000
- Jumla 400,000

Sasa gari. Safari moja kwenda na kurudi wastani kilomita 250, mara 5 ni kilomita 1,250. Fundi alisema kwa uzee wake na mzigo, nisitegemee zaidi ya kilomita 7 kwa lita. Hizo ni karibu lita 179. Tuweke lita 3,000 kwa hesabu rahisi, inakuja kama 536,000.

Mafuta peke yake yamezidi nauli, mzigo na gesti kwa pamoja! Bado bima, matairi, oili, mahali pa kulipaki nikiwa nyumbani, na marejesho ya kikoba. Nilikuwa naenda kununua kitu cha milioni 9 ili kila mwezi nitumie zaidi ya ninavyotumia sasa.

Na kuna hesabu nyingine ambayo wengi hatuipigi. Ile milioni 6 siyo hela iliyolala, ni mzigo. Kwa uzoefu wangu kila milioni ninayoizungusha kwenye viatu inaniachia kama 150,000 kwa mwezi baada ya gharama. Nikitoa milioni 6 kwenye mzigo nimejikata 900,000 za mwezi. Gari linabeba nini wakati mzigo wenyewe umeuzwa kulinunua?

Maoni yangu

Sisemi gari la kulala ndani ni baya. Ninachosema ni kwamba wengi wetu tunataka kununua gari ili kutibu uchovu. Uchovu una dawa za bei ndogo zaidi. Mimi nimefanya hivi: tumeungana wauzaji watatu, mmoja wa nguo za watoto, mmoja wa vyombo, na mimi. Tunakodi Kirikuu ya kijana tunayemfahamu kwa 150,000 kwa safari, kila mtu anatoa 50,000. Usiku tunalinda mzigo kwa zamu, kwa hiyo angalau nalala saa nne za uhakika. Na safari zenyewe nimezipunguza kutoka tano hadi nne, kwa sababu daftari limenionyesha mnada mmoja nilikuwa naenda kwa mazoea tu, hauniletei kitu.

Gari la namna hii linaweza kukufaa kama mambo manne yametimia. Moja, unalala nje usiku mwingi. Kipimo changu ni usiku 12 kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, kwa daftari siyo kwa kukumbuka. Mbili, lile jiko au kitanda kinakuingizia hela, kwa mfano unauza chai na chapati minadani, siyo kukupumzisha tu. Tatu, ni gari ambalo fundi wa mji wowote mdogo analijua na spea zake zipo. Ukitaka kweli, bora Hiace ya kawaida iliyolipiwa kila kitu, ukamwambia fundi seremala akutengenezee kitanda na kabati. Nne, hela ya kununulia siyo mtaji wa mzigo na siyo mkopo, na pembeni imebaki akiba ya matengenezo. Kwa gari kuukuu mimi nisingekubali akiba iliyo chini ya theluthi ya bei.

Na kabla ya yote, kodi kwanza. Kodi gari lolote, tandika godoro nyuma, zunguka minada mitatu. Ukirudi bado unalitaka, basi endelea na ukaguzi. Ukirudi mgongo unauma na hujui pa kuogea, umejifunza kwa laki mbili badala ya milioni tisa.

Mwisho niseme ukweli. Lile Kombi bado nalikumbuka. Wiki iliyopita dalali amenipigia tena, ameshuka hadi milioni 6 na nusu. Bei ikishuka haraka namna hiyo, mimi husikia gari lenyewe linaongea. Nimemjibu asante kaka, nimenunua belo mbili za viatu. Na kweli nimenunua, jozi 31 zimeshatoka.

Kama unafikiria kununua gari la biashara mwezi huu, leo usiku chukua daftari, andika safari zako za miezi mitatu iliyopita. Ukishaona namba yako, ndipo umpigie dalali.