Mzee na Injini ya Shaba



Wapendwa waamini, katika parokia yetu yupo mzee mstaafu ambaye ujanani alikuwa mchochea moto kwenye injini za mvuke za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977. Mwanawe aishiye Uingereza amemtumia sanduku la vipande vya kuundia injini ndogo ya mvuke. Mama wa nyumba alitarajia kuona injini. Akakuta mabamba bapa ya shaba, membamba kama kadi, pamoja na karatasi za maelezo. Tangu hapo mzee hushinda mezani na kioo cha kukuzia, na katika jumuiya limezuka swali: je, yafaa mtu wa umri ule kuzitumia siku zake kwa mchezo wa watoto? Mimi nasema yafaa, tena sana.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Vipande vile havikukatwa kwa msumeno. Bamba hupakwa utando unaoathiriwa na mwanga, kisha humulikwa kupitia filamu yenye mchoro. Kwa kawaida palipoguswa na mwanga utando hukaza. Palipobaki gizani huoshwa ukatoka, na hapo kemikali kali huila metali hadi kuitoboa. Palipokusudiwa kukunjwa huliwa upande mmoja tu, ukabaki mfereji wa kuongoza mkunjo. Vichwa vya ribiti husukumwa kutoka nyuma kwa ncha ya chuma, kimoja kimoja. Baadhi ya mabamba ni ya metali ambayo Waingereza huiita fedha ya nikeli, ingawa haina hata chembe ya fedha, bali ni shaba, nikeli na zinki. (Wakristo wa jina la namna hiyo tunao pia.)

Ugumu wenyewe uko kwenye magurudumu. Injini ya magurudumu 6 ina ekseli 3, na fito za pembeni huyaunganisha yazunguke kama kitu kimoja. Umbali kati ya matundu ya fito usipolingana na umbali kati ya ekseli, injini hukwama. Kwa hiyo fundi mwenye busara huzifanya fito zenyewe kuwa kipimo cha kupangia ekseli kabla hajalehemu. Kisha kila gurudumu la kulia hutegwa robo mzunguko kutoka kwa mwenzake wa kushoto. Ajabu ni kwamba robo hiyo ikipotoka kidogo injini bado itatembea, mradi ekseli zote 3 zipotoke sawasawa; kinachoikwamisha ni kutofautiana kwao. Na kiungo kilichokaa vibaya hupashwa moto tena, lehemu ikayeyuka, kazi ikarudiwa. Mzee amerudia sehemu moja mara nne, wala hakununa.

Wanaosema anapoteza muda huipima kazi kwa kile kitakachouzwa mwishoni. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kinyume chake: thamani ya kazi hutoka kwanza kwa mtu anayeitenda. Na katika Kutoka 31 Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Mtaniambia kwamba yeye aliijenga Hema la Bwana, na mzee wetu anajenga pambo la kabatini. Ni kweli. Lakini tazameni kinachotokea pale mezani. Kwa miaka mingi hakuna aliyemwuliza mzee huyu neno juu ya kazi aliyoijua kuliko sisi sote. Sasa mjukuu anauliza kila bomba ni la nini, naye anamweleza jinsi injekta inavyotumia mvuke wa boila kuyasukuma maji yaingie katika boila ileile, licha ya shinikizo lililomo. Mtoto hasadiki, na mzee anachora. Ati injini yenyewe itaendeshwa na mota ya umeme! Hilo limemchekesha hadi machozi.

Wala si jambo geni kwa watu wa altare. Mchungaji Wilbert Awdry wa Kanisa la Anglikana, ambaye kitabu chake cha kwanza cha hadithi za injini kilitoka mwaka 1945, alikuwa pia mwundaji wa reli ndogo. Mwenzake Peter Denny aliijenga reli yake ya Buckingham kwa miongo mingi, na injini zake aliziunda kwa mikono yake.

Hata hivyo mama naye ana haki yake. Mara nyingi magurudumu, mota na gia hununuliwa mbali na sanduku, na gharama hizo zijulikane kwa wote wawili kabla fedha hazijatoka. Huko Uingereza wapo wanaojaza makabati masanduku wasiyoyafungua kamwe, yakaja kuwa mzigo wa wajane. Hilo silitetei, ni kulimbikiza tu. Liundwe hili moja hadi liishe, ndipo la pili litajwe. Na kwa kuwa lehemu nyingi zina risasi ndani yake, na moshi wake si mwema kwa kifua, dirisha liwe wazi, mjukuu akae mbali kidogo, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula au rozari.

Wenu katika Kristo,
Paroko