Mionzi Baada ya Kukatwa Titi: Swali Lianzie Kwapani

Mwanamke wa Kimaeti au Mateka, eneo bunge la Bumula, Bungoma, aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani iliyogunduliwa mapema, anaweza kuambiwa aende pia kuchomwa mionzi. Kwa hospitali za umma, tegemeo kubwa la watu wa magharibi ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Ratiba ya kawaida ya zamani ni mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano mfululizo. Hata bima ya SHA ikilipia matibabu, bado kuna nauli ya bodaboda na matatu, malazi ya mjini, na shamba lililobaki bila mtu.

Je, kila aliyekatwa titi anahitaji safari hiyo? Hapana, na utafiti umelisema hilo waziwazi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya majaribio 22 na wanawake zaidi ya 8,000, ulionyesha kwamba ambao tezi zao za kwapani hazikuwa na saratani hawakunufaika na mionzi. Wenye tezi moja hadi tatu zenye saratani walinufaika, ila walitibiwa zamani, kabla ya dawa za leo. Kundi hilo la katikati ndilo hasa lililochunguzwa na jaribio la SUPREMO, lililoongozwa kutoka Edinburgh na kuhusisha wanawake 1,607. Baada ya miaka kumi, waliochomwa na wasiochomwa walikuwa hai kwa kiwango kilekile, takriban asilimia 81. Saratani ilirudi kifuani kwa asilimia 1.1 ya waliochomwa na asilimia 2.5 ya wasiochomwa.

Hata hivyo, matokeo hayo si ruhusa ya kukataa mionzi kiholela. Mwenye tezi nne au zaidi zenye saratani, au uvimbe uliopita sentimita tano, kwa kawaida bado anaihitaji. Tena wanawake wa SUPREMO walipata upasuaji kamili na dawa za kisasa. Aliyekatiza kemo kwa kukosa fedha hawezi kujipima kwa kipimo chao.

Kwa hiyo uamuzi kwa sehemu kubwa unasimama juu ya hesabu moja: tezi ngapi zina saratani? Hesabu hiyo hufanyika maabara. Mafuta yaliyotolewa kwapani hufika yakiwa ndani ya dawa ya kuhifadhi. Mtaalamu huyapapasa kwa vidole, huchomoa vinundu kimoja kimoja, huvikata vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Kwa kawaida hutarajiwa tezi zisizopungua kumi. Zikipatikana mbili tu, au ripoti isipofika kabisa, daktari hubaki kubahatisha. Asiyehitaji mionzi atauza ng'ombe bure, na anayeihitaji ataachwa nyumbani.

Ndiyo maana naona siasa zetu za saratani zimeegemea mno mashine za mionzi. Mashine hukatiwa utepe na kupigwa picha; ripoti ya maabara haipigiwi makofi. Lakini kwa Bungoma na jirani yake Trans Nzoia, wataalamu wa patholojia na njia ya uhakika ya kusafirisha vipimo vitaokoa fedha na maisha kabla mashine yoyote haijawashwa.

Kwa wanaohitaji mionzi kweli, wiki tano si lazima. Jaribio la China lililochapishwa mwaka 2019, la wanawake 820 waliokatwa titi na wenye hatari kubwa, lilionyesha kuwa mara 15 kwa wiki tatu hazikuwa duni kuliko mara 25. Hizo ni safari kumi pungufu kwa mgonjwa, na nafasi kumi kwa wenzake walio kwenye foleni.

Mgonjwa naye asiondoke kwa daktari kabla ya kuuliza: tezi ngapi zilipimwa, ngapi zilikuwa na saratani, na je, ratiba ya wiki tatu inanifaa? Kaunti isiyoweza kumpa jibu la maswali mawili ya kwanza haijaanza kutibu saratani ya matiti, hata ikinunua mashine kesho.