Sizitaki Mbichi Hizi

Jamani, hivi tumezeeka lini? Juzi niliwasimulia washikaji kijiweni kwamba nimecheza gofu ya visahani kwenye bustani ya hoteli moja ya ufukweni, kaskazini mwa Dar es Salaam. Nikachekwa. Eti vituo tisa tu! Eti mchezo wa kuwaondolea watalii uvivu! Eti mtunzi mzima wa riwaya (haijatoka, nakubali) anakimbizana na sahani ya plastiki! Nimenyamaza wiki nzima. Leo najibu.

Kwanza, mjue mnachokicheka. Inaitwa gofu, ila shimo hakuna, fimbo hakuna. Unarusha kisahani kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Kikianguka njiani unakifuata, unarusha tena kutoka palepale. Aliyefika kwa kurusha mara chache ndiye mshindi. Viwanja vikubwa vina vituo 18, na kituo kimoja huweza kuzidi mita 100. Pale hotelini kirefu kuliko vyote hakizidi mita 50. Rahisi, siyo? Cha nne kinapita katikati ya minazi miwili, na upepo wa bahari unakukata ubavuni. Nilirusha mara saba. Mtoto wa mgeni mmoja, miaka kama kumi, alirusha mara tatu, akanipa pole! Ufupi hauna huruma, kwa kuwa huwezi kusingizia umbali. Aliyewahi kuandika hadithi ya kurasa mbili ananielewa.

Pili, msiniambie ni mchezo wa wenye nazo. Uwanja unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa kudumu aliuanzisha Ed Headrick mwaka 1975, huko California, katika bustani ya umma ya Oak Grove. Mwanzoni walilenga nguzo tu, vikapu vya minyororo vilifuata. Kabla ya hapo watu walikuwa wakilenga miti na mapipa ya taka. Mapipa ya taka! Nani kati yetu amekosa pipa la taka mtaani kwake?

Ukuta umekuja baadaye. Mimi nilicheza kwa kuwa nilinunua soda moja kwa bei ya kreti. Binamu yangu anafyeka nyasi za vituo vyote tisa, na hajawahi kurusha hata mara moja. Nilimpa kisahani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanirudishia. "Kaka, wakiniona kazi sina."

Sasa nyinyi mnaocheka mnamsaidia nani? Mlinzi wa kwanza amesimama getini na kirungu chake. Wa pili mnamlisha wenyewe, anaitwa dharau. Yule sungura wa hadithi alishindwa kuruka, akasema sizitaki mbichi hizi. Nyinyi hata kuruka hamjajaribu!

Mimi Jumapili asubuhi nitakuwa uwanja wa mpira nyuma ya soko, na mifuniko mitatu ya ndoo. Mwembe ni kituo cha kwanza, goli bovu la pili, pipa la tatu. Tukifika tisa tutakuwa sawa na hoteli. Binamu siku hiyo hana zamu, na wa kwanza kurusha ni yeye.

Mwenye kubisha aje abishe akiwa na mfuniko mkononi. Asiyeweza, anijibu toleo lijalo. Kurasa zipo.