Uliza Kwanza

Mpenzi msomaji, leo nataka tuguse jambo ambalo wengi hatulizungumzi tunapovishana pete. Siku mmoja wenu akipata ulemavu, nani atamwogesha? Najua jibu lako: "Mimi, si ndiyo mapenzi?" Sawa kabisa. Lakini umeshamuuliza mwenzako kama naye anataka hivyo?

Shoga yangu mmoja, mhadhiri hapa Dar, amerudi kutoka Berkeley, California. Alikaa kule miezi minane akifanya utafiti wa uzamivu kuhusu ndoa za watu wenye ulemavu. Watu walidhani yuko Marekani anakula bata. Wapi! Asubuhi maktaba, mchana mahojiano, usiku kusikiliza alichorekodi na kukiandika neno kwa neno mpaka macho yanauma.

Berkeley hakuichagua kwa bahati. Mwaka 1962 chuo kikuu cha pale kilimpokea Ed Roberts, kijana aliyepooza kwa polio akiwa na miaka 14, ambaye usiku alilala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Idara ya jimbo ya kuwasaidia walemavu ilikuwa imemwona hafai hata kusomeshwa, eti hataajirika. Basi bwana, mwaka 1975 akateuliwa kuwa mkurugenzi wa idara hiyohiyo! Leo kwenye kituo cha treni cha Ashby lipo jengo lenye jina lake, lililofunguliwa mwaka 2010. Ndani kuna njia nyekundu ya mzunguko inayopanda ghorofani, na mwenye kiti cha magurudumu na mwenye miguu wanapita hapohapo.

Maisha ya kila siku ndiyo yaliyomfundisha zaidi. Basi linafika kituoni, linainama, dereva anatoa daraja, abiria mwenye kiti anapanda, wengine wanasubiri. Siku moja shoga yangu alishika kiti cha dada mmoja ili amsukume. Dada akageuka, akatabasamu: "Uliza kwanza."

Maneno hayo mawili aliyasikia karibu kila nyumba aliyohoji. Kule watu wenye ulemavu wanasema kujitegemea si kufanya kila kitu kwa mikono yako. Ni kuamua wewe: nani akusaidie, saa ngapi, na kwa namna gani. Jimbo la California lina mpango unaomlipa msaidizi wa nyumbani kwa wenye kipato kidogo, na anayesaidiwa ndiye anayemwajiri na kumwachisha kazi. Mke mmoja alimwambia: "Msaidizi akishamwogesha mume wangu, mimi nabaki na kazi ya kuwa mke."

Sasa sikia. Saa tatu usiku ya kule, majira ya joto, huku ni saa moja asubuhi ya kesho yake. Huo ndio ulikuwa muda wao wa simu. Shemeji alikuwa amebaki na mama yake aliyepata kiharusi, na alikuwa anamwogesha mwenyewe kabla ya kwenda kazini. Kila simu ni ugomvi: amechoka, mama ananuna, hataki kula. Usiku mmoja shoga yangu akauliza, "Hivi mama mmemuuliza anataka aogeshwe na nani?"

Kimya. Hakuna aliyemuuliza. Kaka, wifi, wote walikuwa wameshakaa kikao na kuamua.

Mama alipoulizwa, jibu alikuwa nalo siku nyingi. Alitaka binti wa jirani, alipwe. Aibu ya kuvuliwa nguo na mwanaye ndiyo iliyomkosesha hamu ya kula. Na kutoka kwa mwanaye alitaka kitu kimoja tu: aketi naye wanywe chai.

Ukweli ni kwamba kwetu mzigo huu mara nyingi unabebwa na familia, na si kila nyumba ina hela ya kumlipa mtu. Lakini kuuliza ni bure. Mgonjwa, mzee au mlemavu bado ni mtu mzima mwenye lake moyoni. Tunamnyamazisha kwa huruma, halafu tunashangaa kwa nini hana shukrani.

Kwa hiyo wapendwa, leo mkishakula, zimeni televisheni. Kila mmoja amwambie mwenzake: "Likinikuta, hiki nifanyie wewe, na hiki mwachie mtu mwingine." Halafu mpigieni na mama.

Tukutane mwezi ujao.