Kabla Uingie Studio, Toa Karatasi

Wasee, nimepigwa na wimbo wangu mwenyewe.

Wiki iliyopita nilipandisha video ya sekunde thelathini hivi. Ndani iko korasi niliyotunga mimi, nikiwa stage ya Cheptais nikingoja matatu ijae. YouTube ikaniletea ujumbe: huu muziki una mwenyewe, na pesa yoyote ya hii video itaenda kwake. Mwenyewe ni nani? Prodyusa wa Bungoma niliyemlipa elfu tatu anirekodie. Simtaji, na msiniulize inbox. Nilipompigia simu alisema tu, "Bro, si mimi ndio niliupandisha? Wewe hukuwa na akaunti."

Nikanyamaza, kwa sababu ni ukweli. Akaunti sikuwa nayo. Karatasi pia sikuwa nayo. Nilikuwa na elfu tatu na furaha.

Najua komenti zinazokuja: "Lawama ni ya MCSK!" Sawa, tuanze hapo. 2017 KECOBO iliinyima MCSK leseni, ikaipa MPAKE. Julai 2019 wasanii wakatumiwa mgao wa shilingi 2,530 kila mmoja na MCSK, na kelele mlizisikia. Agosti 2021 KECOBO ikafuta leseni za MCSK, KAMP na PRISK kwa mpigo. Hiyo hasira iko sawa, endelea nayo. Lakini buda, hata kama hao wote wangekuwa watakatifu, mimi wangenilipa kwa wimbo gani? Jina langu haliko popote. Pesa yangu haikupotelea Nairobi. Ilipotelea Bungoma, nikiwa nimekaa kwa kiti cha plastiki, kabla biti haijaisha.

Hii ndio kitu hatufundishwi. Wimbo mmoja uko na mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na tuni. Ya pili ni rekodi, ile sauti yenyewe iliyotoka kwa kompyuta. Prodyusa akitengeneza biti ako na haki yake, na sitaki mtu amnyime. Lakini kubonyeza kitufe cha kurekodi hakumfanyi mtunzi wa maneno yako.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sijifanyi wakili. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iko mtandaoni bure na nimeisoma kwa simu, kwa bando yangu. Inasema kazi yako inalindwa mara tu ikiandikwa ama ikirekodiwa. Kujisajili KECOBO kunakupa ushahidi, lakini haki inakuwa yako hata kabla. Ile sauti uliimba usiku ukamtumia beshte yako WhatsApp tayari ni kitu. Usiifute! Na sheria inasema huwezi kuhamisha hakimiliki yako kwa mtu mwingine bila maandishi uliyoyasaini. Kwa hivyo "tuliongea" na "si ulikubali" hazitoshi. Inalinda utunzi wako kwa maisha yako yote, na miaka 50 baada ya kufa.

Sasa nataka watu wa kwetu mnisikize vizuri. Hapa Cheptais, ukikodisha shamba ekari moja upande mahindi msimu mmoja, mnaandikiana. Mzee wa kijiji anaitwa, mashahidi wanasaini, karatasi inakunjwa inawekwa chini ya godoro. Hakuna mtu husema "kwani huniamini?" Hata ndugu wa tumbo moja huandikiana. Mahindi ya msimu mmoja yanapata mashahidi, halafu wimbo ambao wajukuu wako wanaweza kulipwa nao unapata "tutapanga baadaye." Huo ni upuzi, na mimi nimekuwa mpuzi namba moja.

Prodyusa wengine watasema hii ni kuleta mambo ya korti kwa vitu za mabeshte. Hapana. Ni kuondoa korti. Angalia "Malaika". Miriam Makeba ameuimba, Boney M wameuimba, dunia nzima inaujua. Fadhili William aliurekodi na akasema ni wake. Ukivuka Tanzania utaambiwa ni wa Adam Salim. Fadhili alifariki 2001, na ubishi bado uko. Kama wimbo mkubwa hivyo unabishaniwa mpaka leo, wako wa Cheptais nani atautetea?

Na usiseme hakuna pesa ya kugawana. Marekebisho ya sheria ya 2022 yanasema kwa ile miito ya simu kama Skiza, mwenye kazi apate si chini ya asilimia 52. Poa. Lakini "mwenye kazi" ni nani? Ni yule ambaye jina lake liko kwa fomu. Hiyo 52 inaweza kupita juu ya kichwa chako ikatua kwa mtu aliyekuwa na laptop tu.

Kwa hivyo, ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Andika jina la wimbo na tarehe. Majina kama yalivyo kwa kitambulisho. Nani ameandika maneno, nani tuni, nani biti. Kila mtu asilimia ngapi, na jumla iwe mia. Nani anaupandisha mtandaoni, kwa akaunti ya nani, na pesa inagawanywa lini. Kila mtu asaini. Piga picha, jitumie kwa barua pepe. Na ufanye hivyo kabla ya kurekodi, maana wimbo ukishavuma kila mtu hukumbuka aliutunga.

Kuna dem wa mtaa wetu, amemaliza fomu foo juzi. Anaandika kunishinda, na hii si sifa za bure. Amepata studio Kitale, ameweka pesa ya kuosha nguo za watu miezi mitatu. Aliniuliza nimsindikize Alhamisi. Nikamwambia nitaenda, lakini karatasi kwanza. Akaniuliza, "Na prodyusa akikasirika?"

Akikasirika tunapanda matatu tunarudi nyumbani. Pesa yake itakuwa bado iko mfukoni, na wimbo bado uko kwa simu yake.