Kamio ndogo, vumbi la kweli



Siku hizi kuna vijana, hata na baba wazima, ambao jioni wakitoka kazini wanatengeneza mifano midogo ya masini: kamio za kubeba mawe, lokomotiva, ekskaveta. Vipande vyake ni vya resini. Wengine wanavipokea toka kwa jamaa walio Ubelgiji, wengine wanavimimina wenyewe katika kalibu ya mpira wa silikoni. Ni kazi nzuri, na mtu asiseme kwamba dispanseri inaikataza. Mwenye kushika burashi jioni nzima hamalizi franga zake kwenye bia. Lakini naona watu wanafanya nyumbani mambo ambayo kapita asingeyakubali shimoni.

Tazama namna ya kupiga msasa. Kipande kikitoka katika kalibu kina alama ya mshono, na kishina pale resini ilipoingilia. Mtu anakisugua kikavu, juu ya meza ya chakula, vumbi jeupe linaruka na mtoto yuko karibu. Shimoni tunatoboa mwamba kwa maji, na kila mtoboaji anajua sababu: maji yanalaza vumbi. Chembe zilizo chini ya mikroni 10, ndogo mara saba hivi kuliko upana wa unywele, jicho haizioni, nazo ndizo zinazoshuka mapafuni. Sisemi resini ni sawa na jiwe. Haina silika, haileti silikosi. Lakini pafu halikuumbwa kwa vumbi lolote, na dawa ya nyumbani ni ile ile ya shimoni: bakuli la maji. Chukua karatasi ya msasa ya kutumia na maji, namba 400 kisha 600, uilowanishe, usugue polepole. Hata kipande kitalainika vizuri zaidi. Tope linalobaki ulipanguse kwa kitambaa kilicholowa. Usingoje likauke ndipo ufagie.

Kabla ya rangi, osha. Kalibu hupakwa mafuta ili kipande kitoke, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kuna wanaoosha kwa esansi, na hapo mimi nakasirika. Sabuni, maji ya vuguvugu na mswaki wa zamani vinatosha kabisa. Mvuke wa esansi ni mzito, unatambaa chini mpaka kwenye mbabula ambapo mama anapika bukari. Hauna haja ya kumwagika ili uwake.

Anayemimina mwenyewe ana hatari nyingine. Resini ya poliuretani ni dawa mbili zinazochanganywa, na moja ina isosianati, ambayo inaweza kuleta pumu. Aliyekwisha kuipata pumu hiyo atabanwa kifua hata kwa kiasi kidogo sana. Leso mdomoni haizuii mvuke, tusidanganyane. Mimina nje penye upepo, glavu mkononi, watoto mbali. Resini ya poliesta nayo hugandishwa kwa peroksidi, na tone moja la peroksidi linaweza kuharibu jicho.

Sasa rangi. Tabaka jembamba, likauke, kisha lingine. Hilo mnalijua kuliko mimi. Neno langu ni juu ya rangi ya njano inayotoka atelie ndani ya kopo la maziwa. Baadhi ya rangi za njano za masini zimetengenezwa kwa kromati ya risasi. Kamio ikiisha, mtoto ataicheza, ataitia mdomoni. Risasi inaharibu akili ya mtoto bila homa, bila kikohozi, na mzazi haoni kitu mpaka shuleni. Nunua rangi ya akriliki inayochanganywa na maji, hata kama kopo ni dogo na bei inauma.

Na tone la peroksidi likiingia jichoni, usikimbie kwanza kututafuta. Shika kope ziwe wazi, mimina maji safi dakika 15 bila kuacha, ndipo uje, na ulete kopo tusome jina la dawa.